Maumivu ya mgongo nayo ni gharama

Kuli wa soko la Tandale au Temeke Stereo si mtu wa kulalamika. Alfajiri humeza vidonge vya diklofenaki kabla hata ya chai, hujifunga mkanda kiunoni, kisha huinamia gunia la viazi. Maumivu yakivuka miezi 3 waganga huyaita sugu. Yeye huyaita kazi.

Sheria ya Vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Vita dhidi ya lumbesa imepigwa kwa ajili ya mkulima anayepunjwa, na ni haki yake. Mgongo umesahaulika. Hata hizo kilo 100 ni karibu mara mbili ya kilo 55, kikomo ambacho Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwa mzigo wa mwanamume mzima.

Tatizo ni hesabu. Kuli akilipwa kwa gunia, gunia kubwa humpunguzia gharama mwenye mali, na kiuno kinachokwisha hakiingii katika daftari la yeyote. Vidonge vikimezwa kila siku huchubua tumbo na huweza kuharibu figo. Kulala nyumbani hakuna ujira, na kulala sana hukaza mgongo zaidi.

Alipwe kwa kilo, na mazao yafungwe kwa kilo 50. Saruji hufungwa hivyo miaka yote, na wauza saruji hawajafilisika. Pa kuanzia ni shambani Njombe, gunia linaposhonwa, kabla lori halijashika njia ya Dar es Salaam.