MASTAA, MBWA SIO KIKI!

Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni) anapenda kweli kumposti mbwa wake. Husky mweupe, macho ya bluu, pembeni gari kali, laiki zinamiminika. Kamera ikizimwa, mbwa anarudishwa kwenye mnyororo mfupi, juani, Dar hii hii ya joto! Mnyama wa baridi ya Siberia, manyoya tabaka mbili, hatoi jasho kama binadamu, anajipoza zaidi kwa kuhema. Kakosa nini jamani?

Akibweka anachapwa fimbo, eti "awe mkali". Huo sio ukali, ni woga. Mbwa mwoga aliyefungwa kutwa nzima ni rahisi kung'ata, na anayeng'atwa wala sio staa, ni dada wa kazi au mtoto wa jirani. Mbwa hufundishwa kwa kipande cha nyama anapotii, sio kwa kipigo.

Kwenye chanjo sasa, kimya! Hela ya cheni ipo, ya sindano ya kichaa cha mbwa haipo? Ya kwanza akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Staa asiyeweza kumpa mbwa kivuli, maji na chanjo aposti gari lake tu. Au wadau mnasemaje?