Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Tuna jambo linalotukera, na safari hii hatutalizungusha.

Kila mmoja wetu anaujua usiku wa kuamkia safari. Awe yuko Zanzibar anakuja Uingereza, au yuko Leicester anakwenda Mombasa, mambo ni yale yale. Sanduku liko katikati ya sebule, mizani imeazimwa kwa jirani, kilo zimekwisha zamani, na mlango unabishwa hodi. Anaingia mtu na kifurushi kilichozungushiwa selotepu hata hakijulikani kina nini. "Nibebee kidogo tu, dada. Ni vitu vya mama." Hasemi ni vitu gani, na anayeombwa haulizi, kwa kuwa kwetu kuuliza ni kumvunjia mwenzio heshima.

Sisi tunasema: ulizeni. Na anayeona kavunjiwa heshima kwa kuulizwa, abaki na kifurushi chake.

Hatusemi haya kwa kuhadithiwa. Miaka michache iliyopita mama mmoja mtu mzima, wa jamaa zetu, alikuja kumwona mjukuu wake aliyezaliwa hapa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Alipofika, sanduku lake likafunguliwa, na chini ya kanga za zawadi likatoka bunda la majani makavu. Akaulizwa ni nini, akajibu kwa Kiswahili kuwa hajui, kapewa na kijana wa mtaani ampelekee nduguye. Ilikuwa miraa. Alikaa kwenye chumba cha mahojiano tangu asubuhi hadi jioni, na mwanawe akisubiri nje hajui kama mama yake ni mzima au vipi. Mwisho aliachiwa, tunamshukuru Mungu. Lakini hajarudi tena, na kila akitajiwa Uingereza hubadilisha mazungumzo. Na mwenye mzigo? Alipiga simu jioni ile ile kuuliza kama majani yamefika.

Wengi wetu tunakumbuka wakati miraa ikiingia Heathrow kihalali na kuuzwa dukani. Wakati huo umepita. Tangu tarehe 24 Juni 2014 imo katika daraja C la madawa yaliyopigwa marufuku hapa Uingereza, na kuiingiza nchini kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 14. Mtu ana haki ya kubishana na sheria hiyo, na wapo kwetu wanaobishana nayo kwa hoja. Lakini abishane kwa jina lake mwenyewe na kwa sanduku lake mwenyewe.

Tukiacha miraa, kuna vile ambavyo hatuvioni kuwa ni kosa hata kidogo: nyama ya kukausha, samli ya nyumbani, udongo wanaotamani kina mama wajawazito. Tunasema, chakula tu hicho, kina ubaya gani? Ubaya wake nchi hii iliuona mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipozuka kwa mifugo. Chanzo chake kinasadikiwa kuwa ni nyama iliyoingizwa kinyume cha sheria, ikaishia katika mabaki ya chakula waliyolishwa nguruwe bila kupikwa vizuri. Wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa, na wafugaji walioamka na zizi kamili walilala hawana hata ndama mmoja. Ndiyo maana nyama na maziwa kutoka kwetu, na samli ikiwemo, haviruhusiwi kuingia katika mizigo ya abiria, hata kikiwa kipande kimoja.

Wala si kweli kwamba kila cha kwetu kimekatazwa. Dagaa wakavu na samaki mkavu huruhusiwa, hadi kilo 20 kwa mtu. Nazi na tende hazina neno. Asali huruhusiwa hadi kilo 2. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kukaa tukasoma orodha hiyo kabla ya kumwambia mama afunge mzigo? Tunajua bei ya tiketi katika kila shirika, hatujui kilichokatazwa katika sanduku tunaloliagiza.

Tunajua wapo watakaosema: "Hawa wanatuonea. Wenzetu wanapita, sisi ndio tunaofunguliwa masanduku." Hatutalikanusha hilo, tumesimama kwenye foleni zile na tuna macho. Lakini ikiwa unajua utafunguliwa, ni akili gani inayokutuma umtie mwenzio kitu cha kumtia aibu? Na huko kwetu nako kuna sheria. Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ya juu ni faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Bado tunaingia na zawadi ndani ya mifuko ya supamaketi, tukikamatwa tunasema tunaonewa na wa kwetu pia.

Na mzigo wa kwenda nyumbani nao una hatari zake. Tunapeleka pawabanki kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, na betri hizo zinatakiwa zikae na abiria, kwani zikishika moto chini huko hakuna wa kuziona mapema. Tunampa msafiri dawa za mgongo za baba, apitie nazo Dubai, na hatumwambii kuwa tramadol na codeine katika Falme za Kiarabu zinahitaji kibali. Mwaka 2017 mwanamke mmoja Mwingereza alihukumiwa miaka 3 nchini Misri kwa vidonge 290 vya tramadol alivyokuwa akimpelekea mwenziwe.

Anayedhani mapenzi ni dhamana ya kutosha akumbuke tarehe 17 Aprili 1986. Siku hiyo mwanamke mjamzito alifika Heathrow kupanda ndege ya El Al kwenda Tel Aviv, na begi alilopewa na mchumba wake. Chini ya begi walinzi wakakuta bomu. Yeye hakujua lolote. Mchumba wake, Nezar Hindawi, alifungwa miaka 45. Swali tunaloulizwa kaunta, "Umefunga mizigo yako mwenyewe?", si la kujibiwa kwa mazoea.

Sasa tuseme lile linalouma. Vifurushi hivi hatumpi yeyote tu. Hatumpi mwanasheria wala mtu mkali. Tunamtafuta mama mtu mzima, mwanafunzi mgeni, kijana mwenye haya, yaani yule asiyeweza kukataa. Kisha tunauita undugu. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli kwetu ni mwepesi, kwa kuwa si mabega yetu yanayoubeba wala si jina letu lililoandikwa kwenye tiketi.

Tunapendekeza jambo jepesi. Kifurushi kije wazi, kifungwe mbele ya msafiri na kwa mkono wake. Anayekataa asinuniwe wala asisengenywe harusini. Na msafiri akiwa na shaka na chochote, apite njia nyekundu aseme alicho nacho. Mwaka 2023, uwanja wa ndege wa Minneapolis, Marekani, abiria aliyetoka Kenya alisema mwenyewe kuwa amebeba kinyesi cha twiga, akitaka kukitengenezea mkufu. Kilichukuliwa kikaharibiwa, yeye akaenda zake bila adhabu, kwa sababu alisema. Kama kinyesi cha twiga kilisamehewa kwa kutajwa, samli ya bibi itashindwa?

Mwezi wa likizo unakaribia na masanduku yataanza kutolewa juu ya makabati. Ukija kwetu na kifurushi, karibu, chai ipo. Mkasi nao utaukuta mezani.