Miwani ya urembo haitakulinda Diani

Desemba ikikaribia, vijana wa bara tunaanza kuchanga pesa za kwenda Pwani. Tunanunua kaptura mpya, ndala na hata pawabenki ya simu. Macho je? Hayo tunayaachia miwani ya Sh200 tuliyouziwa dirishani mwa matatu.

Mimi naona miwani hiyo inaweza kukudhuru kuliko kutovaa kabisa. Kioo cheusi hulidanganya jicho. Mboni hupanuka ikidhani kuna giza, na kama kioo hakizuii miale ya urujuanimno, miale hiyo huingia kwa wingi. Weusi wa kioo si kinga. Tafuta alama ya UV400, na ukiwa na shaka, peleka miwani kwa mtaalamu wa macho aipime kwa mashine.

Usiseme, "Mimi nina kofia." Kofia inasaidia, lakini mchanga mweupe wa Diani na maji hurudisha miale usoni kutoka chini. Mawingu nayo hayaizuii yote. Ukichomwa, jioni macho yanauma, yanatoa machozi na unahisi kama yameingia mchanga. Ukizoea hivyo miaka nenda miaka rudi, unajiongezea hatari ya mtoto wa jicho.

Nauli ya treni tunalipa, chumba tunalipa, mashua tunalipa, wala hatunung'uniki. Mbona basi tuyabanie macho, na ndiyo tuliyoyapeleka kuiona bahari?