Kinyonga na Mimea ya Sandukuni Mwake



Tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Tunduma, ambaye mwanawe ameleta nyumbani kinyonga aliyemwokota kichakani, akamtia katika sanduku la mbao lenye kioo mbele. Mama auliza mambo mawili. Kwanza, je, yafaa kumweka? Pili, matawi anayomtilia hunyauka kila siku, na mnyama mwenyewe anakonda, macho yakididimia, ingawa bakuli la maji li mbele yake. Basi afanyeje mimea ikae hai humo ndani? Swali la pili laonekana dogo, nasi twaliona kubwa, kwa kuwa ndilo lililobeba uhai wa mnyama.

Ama la kwanza, kumweka kiumbe kizimbani si haramu kwa asili yake. Wanavyuoni wengi wameshika hadithi ya Abu Umeir, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, na Mtume (S.A.W.) akimtania kwa ajili ya kindege hicho wala asimkataze. Lakini ruhusa hiyo ina sharti, nalo twalijua katika habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Kosa lake lilikuwa kumfungia kisha kumnyima. Na kinyonga anayekufa kwa kiu mbele ya bakuli lililojaa, je, si amenyimwa?

Watakuja wengine waseme kinyonga ni katika wanyama walioamriwa kuuawa. Hapana. Aliyetajwa katika hadithi ni wazagha, nao ni wale mijusi wa kutani. Kinyonga kwa Kiarabu huitwa hirbaa, ni kiumbe mbali. Na yale maneno ya kuwa kukutana naye ni mkosi, hayana asili katika dini yetu.

Liko pia jambo la sheria, ambalo Mwislamu hapaswi kulipuuza. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, mnyama wa mwitu Tanzania ni mali ya umma, hakamatwi wala hafugwi bila ya kibali. Mwezi wa Mei 2016 Serikali ilisimamisha hata usafirishaji wa wanyama hai kwenda nchi za nje. Na Tunduma ni mlango wa nchi, asije mtu akamdanganya mtoto kwa fedha kidogo avushe kinyonga upande wa Zambia. Mama na aende kwa afisa wa wanyamapori kwanza. Tunayoyaandika hapa chini ni ya mwenye kibali, au ya siku chache za kumtunza mnyama mpaka jawabu lipatikane.

Sasa mimea. Kinyonga, aghalabu, hatambui maji yaliyotulia bakulini. Yeye hunywa matone yaliyo juu ya majani, ya umande au ya mvua, akiyaramba moja moja. Kwa hiyo jani bichi kwake ndilo mtungi, na pia ndilo kivuli na maficho. Tawi lililokatwa hukauka siku ya pili, na sanduku likawa jangwa, hasa kuanzia Mei hadi Oktoba, ambapo mvua hukatika kabisa katika nchi ya Songwe.

Kioo na kiondolewe. Jua la asubuhi ni dawa ya mifupa yake, lakini likipenya kioo humwoka hata siku ya baridi. Badala yake uwekwe wavu wa waya mbavuni na juu, hewa ipite, na upande mmoja ubaki na kivuli siku zote. Kisha upandwe mpera mchanga au mhibiskasi katika mkebe uliotobolewa chini, udongo ufunikwe kwa mawe makubwa kuliko kinywa cha mnyama, asije akameza mchanga pamoja na mdudu. Mkebe ufungwe kwa kamba ya katani kwenye misumari miwili iliyopigwa kwa nje, usipinduke. Miche ya kahawa ya Mbozi yapendeza kwa majani yake yanayong'aa, lakini ile iliyopuliziwa dawa ya wadudu twaikataza, kwani panzi akiila, naye kinyonga akamla panzi, sumu humfikia. Mnyaa na utomvu wake, na mnanaha pia, visikaribie.

Yako pia mafungu ya kangaga yaotayo juu ya miti bila ya kuufyonza mti. Haya hayataki mkebe. Mizizi huzungushiwa kuvumwani yenye maji, ikafungwa kwa uzi wa pamba juu ya tawi nene lenye magamba, tawi lenyewe likikazwa kwa misumari ncha zote mbili ili lisizunguke. Uzi usikazwe hata ukakata mzizi, wala usiache kitanzi, kwani kidole cha kinyonga hunasa humo. Baada ya wiki kadhaa mizizi hushika gome yenyewe, nao uzi hukatwa. Gundi yenye harufu isitumike. Na okidi za porini zisichimbwe. Zinatosha zile ambazo viazi vyake huvushwa Zambia kwa chakula cha chikanda.

Nyunyizo ni asubuhi na alasiri, mpaka majani yadondoshe, pamoja na kikopo chenye tundu la sindano juu ya wavu, kidondoshe taratibu. Asiyeamini uzito wa matone na akumbuke vyura wa Kihansi: maji ya mto yalipogeuziwa mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu ya maporomoko yakakatika, na kufikia 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Waliosalimika ni kizazi cha 499 waliopelekwa Marekani, wakatunzwa katika visanduku vya manyunyu, na mwaka 2010 mia moja wakarudishwa Dar es Salaam.

Kama kibali hakikupatikana, mtoto na amrudishe kinyonga pale pale alipomwokota, asubuhi jua likipanda, amweke juu ya tawi wala si chini. Mikebe ya mimea na ibaki barazani.