Juu ya Kuwaaga Wamisionari Wanaorudi Kwao

Wasomaji wetu wengi wamepata kuhudhuria karamu ya kumuaga mmisionari aliyekaa kwetu miaka mingi, na desturi yake waijua. Huwa ibada kwanza, kisha picha mbele ya mlango wa kanisa, kisha wali na nyama, kisha hotuba saba au nane, na ile ya mwisho husomwa jua likiwa limekwisha kushuka. Mgeni huvishwa kanzu, hupewa mkeka na kinyago, na akina mama huimba huku wakilia. Nao wasemaji wote husema maneno yale yale: alikuta pori akaacha shule, alichimba kisima, alijenga zahanati, alifasiri kitabu cha sala. Katika hotuba hizo hakuna mtu mwingine aliyefanya kazi hata siku moja. Sisi tulioketi upande wa jikoni twatazamana, kwa kuwa baadhi yetu twawajua waliobeba mawe ya zahanati ile, na mmoja wao ndiye anayekoroga sufuria.

Hatuandiki haya kwa chuki. Tumelelewa katika shule za misioni, na kalamu hii tulifundishwa kuishika na watu hao hao. Lakini twaona kwamba jinsi tunavyowaaga si kweli, na ya kuwa uwongo huu twautunga sisi wenyewe, kwa vinywa vyetu, kisha twawapa waende nao kwao kama zawadi. Basi twaomba wasomaji wavumilie, tuseme yale tunayoyaona.

Na tuanze Rabai, nyuma ya Mombasa. Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza, alifika huko mwaka 1846, akimfuata mwenziwe Ludwig Krapf aliyetangulia mwaka 1844. Krapf alirudi Ulaya mwaka 1853 kwa ajili ya ugonjwa. Rebmann akabaki. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika habari zake, na William Cooley, mtaalamu wa London ambaye hakupata kufika Afrika, akamkanusha. Mkewe Emma alikufa mwaka 1866. Baadaye macho yake Rebmann yakaharibika, hata mwaka 1875, baada ya miaka 29 pasipo kuiona Ulaya, akarudi kwao hali ni kipofu.

Habari hizi zajulikana sana, nasi tumezifundisha darasani. Lakini watoto wetu hawaulizi swali ambalo mtu yeyote aliyepata kumshika kipofu mkono angeliuliza mara moja: je, alifikaje? Kutoka Rabai hata pwani, kutoka pwani hata melini, kupanda na kushuka ngazi za meli katika bandari za watu? Aliongozwa na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa, na Abe Ngoa alikuwa mmoja katika Wakristo wa kwanza wa Rabai. Nyondo aliwaacha watu wake akavuka bahari pamoja na yule mzee hata Ulaya. Rebmann akakaa Korntal, nchi ya Württemberg, karibu na rafiki yake Krapf, akafa huko mwezi wa Oktoba 1876. Nyondo akarudi pwani.

Twataka msomaji akae kidogo na jambo hili, kwa maana kwetu sisi ndilo jambo lenyewe. Twasema "mmisionari alirudi kwao", kana kwamba alijirudisha. Kumbe aliyerudi alishikwa mkono. Wala si siku ile ya mwisho tu. Alipokwenda Uchaga mwaka 1848, msafara uliongozwa na Bwana Kheri, Mwislamu aliyezijua njia za bara, na bila yeye theluji ile isingaliandikwa na Rebmann. Alipotunga kamusi ya Kinyasa, maneno aliyapata kwa Salimini, mtumwa aliyetoka pande za ziwa na kukaa Mombasa. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, mwandishi wake akiwa amekwisha kufa, na Krapf ndiye aliyeitengeneza kwa mchapaji. Katika jina la kitabu mna Rebmann na mna Krapf. Salimini hamna. Mtu aliyekuwa hana hata mwili wake alitoa lugha nzima, na hakuna aliyeona ajabu.

Mzee mmoja wa kanisa, tulipomsomea maneno haya, alitujibu kwa ukali: "Mgeni haagwi kwa hesabu." Twamheshimu mzee huyu, na neno lake lina adabu ya watu wa kale. Mtu anapoondoka, husahauliwa madeni madogo. Lakini je, aliyebaki naye asahauliwe? Hatusemi mmisionari apunguziwe sifa. Rebmann alistahili sifa zake zote. Angaliweza kurudi pamoja na Krapf, wala hakuna ambaye angalimlaumu. Twasema sifa ikiwa ya uwongo haimfai hata anayesifiwa. Mwenye akili miongoni mwao huona haya akiisikia. Tumepata kumwona mmoja akiinamisha kichwa wakati wa hotuba, na jioni akaja nyumbani kwa mwalimu wake wa lugha, peke yake, kuomba radhi kwa maneno ambayo hakuyasema yeye.

Kuna na jambo la karatasi, na hapo tutakuwa wakali zaidi. Katika mtaa tunaoujua alikuwako mwalimu mmoja mstaafu ambaye kwa miaka mingi alikaa na mmisionari jioni tatu kila juma, akimwambia mithali, majina ya miti na dawa zake, habari za koo na mipaka ya zamani. Mgeni aliandika madaftari 11. Siku ya kuagana makasha yalikuwa yamekwisha kupigiliwa misumari. Mzee alipouliza juu ya madaftari, aliambiwa kwa upole kwamba huko yaendako yatahifadhiwa vizuri kuliko hapa, penye mchwa. Na ni kweli! Hatuwezi kukana. Barua na taarifa za CMS zimehifadhiwa vizuri katika chuo kikuu cha Birmingham. Za UMCA, waliofanya kazi Unguja na Masasi na pande za Nyasa, ziko Oxford. Za misioni ya Leipzig iliyofanya kazi Kilimanjaro zimewekwa Halle. Mchwa hawazifikii. Wala mjukuu wa yule mwalimu hazifikii, asiye na nauli, asiye na pasi, wala asiyejua Kijerumani.

Siku hizi baadhi ya picha za zamani huonekana kwa intaneti, nasi twashukuru. Lakini mara nyingi chini ya picha jina la mzungu limeandikwa lote, na yule aliyesimama karibu naye, mwenye kanzu nyeupe na kitabu mkononi, ni "mwalimu" tu.

Tena fikirini habari za Bruno Gutmann. Alikuja Kilimanjaro mwaka 1902, akaipenda desturi ya Wachaga kuliko Wachaga wengine walivyoipenda, akarudi kwao daima mwaka 1938, akafa mwaka 1966. Mafundisho ya jando ya Wachaga aliyakusanya kwa wazee, akayachapisha Ujerumani katika vitabu vikubwa vitatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Maelezo yake ni ya Kijerumani. Kazi hiyo ni hazina, na asingaliandika huenda mengi yangalipotea. Twalikubali hilo kwa moyo wote. Hata hivyo kijana wa Moshi anayetaka kujua babu zake walifundishwa nini sharti kwanza ajifunze lugha ya mgeni aliyefundishwa na babu zake.

Watu wengine watasema: "Lakini bila wamisionari kanisa lingalikufa." Neno hili limekwisha kujaribiwa. Baada ya vita ya kwanza, mwaka 1920, wamisionari wa Leipzig waliondolewa Kilimanjaro, na safari hiyo hapakuwa na karamu wala kinyago. Mashamba ya watu yalikuwa yamevurugwa na vita, fedha hakuna. Waalimu wenyeji wakaendelea kufundisha, kusali na watu, kuzika na kuhubiri. Wajerumani walipoanza kuruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, walikuta makusanyiko yangali hai. Waalimu wale walishika kanisa kwa miaka ile yote, nasi twaweza kuwahesabu kwa vidole wale ambao majina yao yanatajwa siku za sikukuu.

Kwa upande wa pili wamekuwako ndugu waliosema na waende tu, upesi. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, akinena huko Marekani, alitaka kuletwa kwa wamisionari na fedha za kigeni kusimamishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka ukaipokea rai hiyo. Walitukanwa sana. Sisi twaona walikuwa na haki ya kuuliza, ila waliuliza juu ya kuja na kukaa, wasiulize sana juu ya kuondoka. Mtu aweza kuondoka vibaya hata akiondoka kwa wakati wake. Aweza kuondoka na funguo.

Askofu Trevor Huddleston ajulikana kwa vita vyake juu ya ubaguzi wa Afrika Kusini, lakini alikuwa pia Askofu wa Masasi tangu mwaka 1960. Mwaka 1968 aliondoka ili kiti kikaliwe na mwenyeji, na Hilary Chisonga akawa askofu. Hakungoja uzee wala ugonjwa. Huddleston alikufa Uingereza mwaka 1998, na majivu yake yakapelekwa Sophiatown, Johannesburg, alikofanya kazi ujanani. Basi "kwao" kwake kulikuwa wapi? Twapenda kutumia neno hili "kwao" kwa wepisi, kama mlango wa kumtolea mtu nje.

Na hapa yatupasa kujilaumu. Mmisionari aliyekaa miaka 30 hurudi kwenye mji ambao rafiki zake wamekufa na duka alilolijua limebomolewa. Huko haitwi Mama wala Baba na mtu yeyote. Siku ya karamu tulimwahidi barua. Ni nani kati yetu aliyeandika? Twaandika tunapotaka karo ya mtoto au bati za nyumba. Tumepata kusikia juu ya bibi mmoja aliyekuwa akiomba kwa Kiswahili katika nyumba ya wazee huko Ulaya, na wauguzi wakadhani akili imempotea. Sisi tuliolia siku ya karamu hatukujua hata mwezi aliokufa.

Machozi mengi, zawadi kubwa, ukweli haba. Hata zawadi yenyewe, tumeona mtaa ambamo waalimu wa chekechea walikatwa shilingi 5,000 kila mmoja kwa ajili ya kinyago cha mpingo, nao mshahara wao wa miezi miwili walikuwa hawajalipwa. Mgeni angalijua asingalikipokea. Hakuambiwa.

Twataka nini? Kwamba mtu ajuaye ataondoka aanze kukabidhi kazi mwaka mzima kabla, wala si juma la mwisho, na hesabu za shule zisomwe mbele ya wazee angali yupo wa kuulizwa. Kwamba kila alichokiandika kwa kinywa cha mwenyeji kiachwe nakala yake hapa, na jina la mwenye kinywa liandikwe juu. Siku hizi kunakili si kazi ngumu, simu ya mkononi yatosha. Kwamba katika karamu msemaji wa kwanza awe yule aliyefanya kazi pamoja naye, aseme waliyoyafanya wawili. Zawadi na iwe yoyote, hata mayai, mradi isikatwe kwa mtu.

Twaandika haya kwa haraka kidogo, kwa sababu katika mtaa wetu bibi mmoja mwuguzi arudi kwao mwezi ujao, baada ya miaka 31. Mkunga aliyemfundisha lugha na kusimama naye usiku kwa usiku yungali hai, akaa nyuma ya zahanati, na miguu yamsumbua. Tumepeleka ombi kwa baraza la wazee kwamba yeye aanze kusema, akisaidiwa kufika, na kwamba daftari za uzazi za miaka hiyo zipigwe picha kabla hazijafungwa. Baraza limesema jambo hili ni zuri, litaangaliwa katika kikao kijacho. Kikao kijacho ni baada ya karamu, na makasha yamekwisha kununuliwa.