Mke Wangu na Mpira

Juma lililopita, tulipokuwa tukinywa kahawa barazani baada ya sala ya isha, mwenzetu mmoja alilalamika kwamba mkewe ameingiwa na wazimu wa mpira. Siku ya pambano chakula huandaliwa mapema, wageni hawatakiwi, na bwana mwenyewe akifungua kinywa hunyamazishwa kwa kidole. Watu walicheka sana. Mimi nilicheka kidogo, kwani jambo hilo limenifika zamani nami najua linapouma. Leo nataka kutoa rai yangu, na sidhani kama itampendeza rafiki yangu yule.

Kwa zaidi ya miaka ishirini ya ndoa yetu, mke wangu hakuwa na habari ya mpira. Alianza mwaka 2017, Mohamed Salah wa Misri alipojiunga na Liverpool ya Uingereza. Kitindamimba wetu alimwita mamake aje amtazame mchezaji anayesujudu akifunga bao. Mama akaja, akaona, akakaa. Msimu ule Salah alifunga mabao 32 katika ligi, na sidhani kama matatu yalimpita mke wangu. Kijana akaenda zake masomoni, mama akabaki na mpira. Haukupita mwaka akawa ananieleza maana ya kuotea, mimi niliyelelewa na baba mshabiki wa Feisal, timu ya Mombasa iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965!

Nami niliona uchungu, na sababu yake ni hii. Ilikuwa ada yetu kwamba kila shairi nitungalo, yeye ndiye wa kwanza kulisikia. Mizani ikipunguka, sikio lake huikamata kabla ya langu. Basi usiku wa tarehe 26 Mei 2018, mwezi wa Ramadhani, nilirejea kutoka tarawehe na shairi jipya mfukoni. Nikamkuta mbele ya televisheni akitazama fainali ya klabu bingwa za Ulaya mjini Kiev, Liverpool na Real Madrid. Nikaanza kusoma hivyo hivyo. Sikufika ubeti wa tatu, Sergio Ramos akamkamata Salah mkono, wakaanguka pamoja, na baada ya muda kidogo Salah akatoka uwanjani akilia, bega limeumia.

"Bwana, ningoje kidogo," mke wangu akasema, naye machozi yanamlengalenga.

Nilimjibu neno baya. Nilimwambia ni aibu kwa mwanamke wa makamo yake kumlilia kijana wa watu, tena katika mwezi mtukufu. Hakunijibu kitu. Aliinuka, akazima televisheni, akaenda jikoni. Daku ililetwa kwa wakati wake kama kawaida, lakini tangu usiku ule hakuniuliza tena nimetunga nini.

Ikapita miezi. Mashairi yangu niliyasoma barazani, wakayasifu wote, na makosa yakatoka gazetini kwa kuwa aliyekuwa akiyaona kaniachia mwenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu. Ni usiku mangapi nimetoka baada ya isha kwenda kujibizana beti na wenzangu, nikarudi saa sita, chakula kimefunikwa kawa na mwenye kukipika kalala? Mwanetu wa pili alipokuwa na homa ya meno, mimi nilikuwa Lamu kwenye maulidi. Hakuna aliyesema kwamba mke wangu ameolewa na mwendawazimu. Uraibu wangu uliitwa utamaduni, wake ukaitwa wazimu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nikakumbuka pia hadithi niliyoisoma kwa mwalimu wangu ningali kijana. Siku ya Idi, Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa mikuki na ngao msikitini Madina. Bibi Aisha alitaka kuwatazama, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alisimama akamsitiri ili aone, wala hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe aliposhiba kutazama. Na katika safari walipata kushindana mbio, siku moja akashinda mke na siku nyingine mume. Hadithi hizo nimewasimulia watu mara nyingi. Kuzitenda nyumbani kwangu ndiko kulikonishinda.

Najua hoja zitakazoletwa. Wapo watakaosema habari ya mapaja yaliyo wazi. Hukumu ya stara nawaachia masheikh, lakini wenye kuuliza hivyo wengi wao huyatazama mapaja hayo hayo mkahawani, na isha ikawapita wakingoja mapumziko. Mke wangu husali kwanza. Tena yeye hana shilingi hata moja aliyoiweka katika mpira, ilhali vijana wetu, na wazee wao pia, wanacheza kamari kwa simu hadi karo ya watoto ikateketea. Mwenye kutaka kukemea na akemee hapo.

Tarehe 1 Juni 2019, Ramadhani imo katika kumi la mwisho, Liverpool walikuwa fainalini tena, safari hii Madrid na Tottenham. Niliporudi kutoka tarawehe, mke wangu alikuwa akishona kofia, televisheni imezimwa. Niliiwasha mimi, nikaketi karibu naye. Mchezo haujafika popote, Salah akatia penalti.

"Huyu si yule wako?" nikamuuliza.

Alinitazama kwa muda, kisha akacheka, akaiweka kofia kando. Liverpool walishinda 2–0. Refa alipopuliza kipenga cha mwisho, akaniambia, "Haya, soma." Nikasoma. Ubeti wa nne ulipungua mizani moja, akanionyesha.

Tangu hapo hutazama pamoja. Mwaka 2022, kule Qatar, Morocco ilipoifunga Ureno 1–0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, Sofiane Boufal alicheza uwanjani na mamake, na mke wangu akapiga kigelegele hata majirani wakagonga mlango.

Simwambii mtu aupende mpira. Mimi mpaka leo naona dakika tisini ni nyingi. Nasema tu kwamba mwenzio akipata kitu cha kumfurahisha, nacho si haramu, usimwachie akae nacho peke yake, kwani akizoea kukaa peke yake utamtafuta usimpate. Rafiki yangu wa barazani nimemtungia ubeti huu, nao umepita kwa mkaguzi wangu:

Kila mtu ana lake, ambalo amejaliwa,
Mume na kalamu yake, kutunga akipumuwa,
Mke na mchezo wake, mpira kauchaguwa,
Simama kando ya mke, hadi atakapotuwa.

Mwenye rai nyingine na aandike, uwanja ni wetu sote.