Siri ya Kiziwi Yataka Pazia
Kibarazani na Mwanaisha Kombo

Daktari anamuuliza msichana wa miaka 19 kama ameshalala na mwanamume. Msichana ni kiziwi, kwa hiyo swali linapitia kwa mamake. Jibu nalo litapitia huko huko. Nani hapo atasema kweli?

Wiki hii niliketi na mshauri nasaha aliyeacha kusikia tangu utotoni, ambaye miaka yake yote ya kazi amewahudumia viziwi wenzake. Anayeingia kwake habishi hodi. Huzima na kuwasha taa. Viti viwili vimekaa ubavu kwa dirisha, kwani anayelipa dirisha mgongo uso wake huwa kiza, na uso ni nusu ya maneno. Dirishani pana pazia jepesi. Sisi tunaosikia hufunga mlango yakaisha. Ya kiziwi, mpita njia huyasoma kiooni.

Nikatoa kalamu niandike. Akagonga meza. Ukiinamisha kichwa, akaniambia, umeacha kusikiliza.

Siku hiyo mwenye kuhitaji mkalimani nilikuwa mimi. Nikaonja: kila swali nililipima mara mbili kwa ajili ya yule wa tatu.

Kenya hili la kiziwi kumshauri kiziwi mwenzake si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ukimwi ukitumaliza, shirika la Liverpool VCT lilianzisha huduma za ushauri na upimaji zilizotolewa na washauri viziwi. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, na kifungu cha 120 kimeifanya lugha rasmi ya Bunge. Mheshimiwa aruhusiwa kubishana kwa ishara. Msichana wetu hana wa kumwambia kwa ishara kwamba hajaona siku zake.

Mtasema waajiriwe wakalimani. Waajiriwe, tena wengi, mahakamani na madarasani. Lakini mkalimani wa leo hospitalini ndiye atakayekutafsiria mahubiri Jumapili. Mshauri kiziwi naye hujuana na watu wake, kweli, ila kwake siri ina macho mawili, si manne.

Bodi za utumishi za kaunti, mkitangaza tena nafasi za washauri nasaha, andikeni kwamba Lugha ya Ishara ya Kenya ni sifa ya kuajiriwa, na viziwi mwaite kwenye mahojiano. Na chumba mtakachowapa kiwe na pazia.